Masta kwanza, au unyooshe PhD moja kwa moja?

Haya niliyaongea mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu vicheko na zile dakika maiki ilipogoma.

Habari zenu jamani. Itifaki imezingatiwa, tusianze kutajana vyeo hapa maana tutamaliza saa nzima.

Hapo mlangoni kabla sijaingia kuna dada kanisimamisha, kaniuliza, kaka eti niruke masta niende PhD moja kwa moja au nipite masta kwanza? Nikamwambia njoo ndani nitakujibu mbele ya wenzako, maana nikimjibu pale pale nitasema "inategemea" halafu naondoka zangu, yeye anabaki na swali lake vilevile. Kwa hiyo leo nitasema inategemea mara nyingi tu, ila kila nikisema mnidai, inategemea nini.

Nianze na hilo neno kuruka. Ukisema kuruka maana yake kuna ngazi, na kila mtu anapanda ngazi ileile, digrii ya kwanza, uzamili yaani masta, uzamivu yaani PhD, na anayeruka ni kama mtoto anayedandia ngazi mbili mbili, siku moja atavunja meno. Hiyo picha sehemu nyingine ni ya kweli kabisa na sehemu nyingine haipo. Ndo maana mnasikia ushauri unaogongana, huyu anakwambia bila masta hupati PhD, yule anakwambia masta ni kupoteza muda, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaongelea nchi aliyosomea yeye na hasemi kama anaongelea nchi aliyosomea yeye.

Chukua Ulaya bara. Mwaka 1999 nchi 29 zilisaini Tamko la Bologna, wakakubaliana digrii zao zifanane, ya kwanza halafu ya pili ambayo ndo masta, na mwaka 2003 wakaongeza PhD kama hatua ya tatu. Kwa hiyo ukitaka PhD ya Ujerumani, kwa mfano, chuo kitakuuliza cheti cha masta kiko wapi, vichochoro vya kupita bila hicho cheti vipo lakini ni vyembamba, wanapita wachache waliofanya vizuri kupita kiasi. Na kule mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa, ana mkataba, anaingia kwenye mradi wa profesa tangu mwanzo, hakuna mtu wa kumkalisha darasani miaka miwili. Wanategemea umekuja umeshaiva. Hapo ngazi ipo kweli.

Marekani ni habari nyingine. Kule PhD imebeba masta tumboni. Unaingia na digrii yako ya kwanza, miaka miwili hivi ya mwanzo unakaa darasani unasoma kozi na kufanya mitihani kama kawaida, halafu unapigwa mtihani mmoja mkubwa wa kuona kama unafaa kuendelea, ukipita ndo unaanza utafiti wako mwenyewe, jumla miaka 5, 6, wengine 7 na bado wapo. Na programu nyingi njiani hapo zinakupa cheti cha masta, unakiweka kwenye begi unaendelea na safari. Sasa mtu aliyeingia PhD ya namna hiyo bila masta karuka nini? Hajaruka kitu, ngazi kazikuta ndani ya nyumba.

Uingereza iko katikati na ndiyo inayochanganya watu. PhD miaka 3 hadi 4, kozi chache au hakuna, unafika tu unaulizwa swali lako la utafiti ni lipi. Kwa maandishi vyuo vingi vitakwambia digrii ya kwanza nzuri inatosha, sawa, lakini ufadhili ni wa kugombania, na unaogombania nao wana masta, na kuna vijana wa hukohuko waliosoma digrii ya miaka 4 ambayo masta imo ndani yake. Mlango uko wazi ila kwenye foleni waliokutangulia wamebeba vitu mkononi na wewe mikono mitupu. Australia wao wana mwaka mmoja wa utafiti baada ya digrii ya kwanza, ukiumaliza kwa daraja la juu unaweza kuingia PhD na masta huijui. Kwa hiyo kabla hujauliza masta au siyo masta uliza kwanza wapi, na kwenye fani gani, maana hata ndani ya chuo kimoja idara ya kemia na idara ya historia hawafanani mawazo.

Halafu kuna ile mifano ya mashujaa ambayo lazima mtu ataileta. Jane Goodall aliingia PhD ya Cambridge mwaka 1962 hana hata digrii ya kwanza. Kweli. Lakini mnaonukuu hiyo mnasahau kwamba alikuwa ameshakaa Gombe na sokwe tangu 1960, kaona vitu ambavyo maprofesa waliokuwa wanamsahihisha walikuwa hawajaviona, na nyuma yake alikuwepo Louis Leakey, mtafiti maarufu wa mabaki ya binadamu wa kale, anamfungulia milango. Freeman Dyson akawa profesa wa fizikia chuo cha Cornell, Marekani, mwaka 1951 bila PhD kabisa, mpaka kafa hana. Haya, na Wangari Maathai je, digrii ya kwanza 1964, masta Pittsburgh 1966, PhD Nairobi 1971, kapanda moja moja kama kitabu kinavyosema, na nani atasema alichelewa? Mimi mifano hii siitumii kushauri mtu. Ukiiangalia vizuri kila mmoja wao mkononi alikuwa na kitu cha kuonyesha, cheti au hakuna cheti.

Na hapo ndo nilipotaka kufika. Swali ni masta itakupa kitu gani ambacho leo huna. Ukiweza kukitaja kwa jina, nenda. Ukishindwa kukitaja ukaanza kusema "nijiandae", "nijipange", "niongeze ujuzi", basi hujui, na miaka miwili ni mingi kuitoa kwa kitu usichokijua.

Mimi nilienda masta kwa woga. Nasema ukweli. GPA yangu ilikuwa nzuri, maprofesa walinijua kwa sura, ila nilikuwa naogopa kuambiwa sifai, nikaona masta ni mahali pa kupumzikia huo woga. Bahati nzuri masta yenyewe haikuniacha nipumzike. Nikusimulie siku moja tu. Nilikuwa na data za dodoso, watu kama elfu moja na kitu, nilizipata kwa watu wengine sikuzikusanya mimi, na nilikuwa nimegundua jambo kubwa, kwamba wazee sana wana tabia ya ajabu kwenye kile nilichokuwa napima, grafu inapanda taratibu halafu mwishoni kule inadondoka kama jiwe. Nikaandika kurasa nane za kueleza kwa nini. Nina nadharia, nina kila kitu. Nikampelekea msimamizi wangu, mama mmoja mpole hana maneno mengi, akazigeuza zile kurasa, akarudi kwenye jedwali la kwanza, akaweka kidole, akaniuliza, "Hawa wazee wa miaka 99 mbona wengi hivi?" Nikaangalia. Walikuwa 61. Wa miaka 97 hakuna, wa 98 hakuna, wa 99 wako 61. Sikumwelewa kwa kama nusu dakika hivi, halafu jasho likanitoka. 99 ilikuwa namba ya aliyegoma kujibu umri wake. Iliandikwa kwenye ukurasa wa pili wa maelezo ya data ambao sikuwahi kuufungua.

Sasa hilo kosa kulifanya masta gharama yake ilikuwa ni aibu ya mchana mmoja na kurasa nane za kutupa. Mtu akilifanya mwaka wa nne wa PhD, ameshajenga sura tatu juu yake, huyo anaumia. Masta ya kufanya utafiti inakupa nafasi ya kukosea pakiwa bado karibu na chini, hicho ni kitu nakitaja kwa jina bila kigugumizi. Ila muwe makini nimesema masta ya kufanya utafiti. Kuna masta za kozi tupu, unasoma, unafanya mitihani, mwisho unaandika karipoti ka kurasa thelathini wanakupa joho. Kwa ajira inaweza ikawa safi sana. Kama tiketi ya PhD, kamati inayosoma maombi yako inataka kujua huyu mtu amewahi kukaa na swali lisilo na jibu kwa miezi kadhaa na asikimbie, na A zako kumi na mbili haziwaambii hivyo.

Kitu cha pili masta ilichonipa ni barua. Wengi wenu hapa mnadhani barua ya rekomendesheni ni fomu ya kujaza. Barua niliyokuwa nayo baada ya digrii ya kwanza nilikuja kuiona baadaye sana, profesa mwenyewe alinionyesha tukicheka, ilikuwa na mistari minne, kwamba nilisoma somo lake, nilipata A, nina nidhamu, ananitakia kila la heri. Mistari minne! Na hakunionea, hakuwa na kingine cha kusema, alikuwa anafundisha watu mia tatu. Yule mama wa masta aliandika kurasa mbili na akaisimulia ile habari ya 99, nikadhani amenimaliza, kumbe alikuwa anaeleza jinsi nilivyorudi wiki iliyofuata na data zote zimekaguliwa upya safu kwa safu. Maombi mengi ya PhD yanataka barua tatu. Jiulize leo, ukiondoa alama zako, ni walimu wangapi wanaweza kuandika aya moja nzima kuhusu namna unavyofikiri? Kama ni watatu, wewe unaweza kuwa huhitaji masta kwa sababu ya barua. Kama ni sifuri basi umeshapata kitu cha kutaja.

Kitu cha tatu ni kuhama fani. Umesoma uhasibu unataka kwenda takwimu za afya, umesoma fizikia unataka sayansi ya ubongo, hapo masta ni daraja la kweli, sina la kuongeza.

Tuje kwenye pesa maana naona mnatingisha miguu. Hapa pana mtego ambao watu wanauingia macho wazi. Watu wanadhani masta ni fupi kwa hiyo ni rahisi, PhD ni ndefu kwa hiyo ni ghali. Marekani ni kinyume, kwenye sayansi na fani nyingi, PhD unasamehewa ada na unalipwa posho ya kuishi kwa kufundisha au kufanya kazi maabara, wakati masta mara nyingi unalipa mwenyewe, na inakula hela haswa. Kwa hiyo mtu anakopa kwenda masta ili akaingie kwenye kitu ambacho wangemlipa kukifanya tangu mwanzo. Upande mwingine kuna ufadhili uliotengenezwa kwa ajili ya masta tu, Chevening ya Uingereza inalipia masta ya mwaka mmoja lakini wanataka uwe umefanya kazi miaka 2 na ukimaliza urudi kwenu angalau miaka 2, kwa hiyo kama mpango wako ni kuunganisha PhD hukohuko bila kurudi, soma masharti kabla hujasherehekea. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya ipo tangu 2004, unasoma nchi mbili au zaidi ndani ya masta moja. Ukiipata hiyo kwa fani yako hesabu inageuka, si kwamba unalipa miaka miwili, unalipwa. Msimamo wangu ambao sijawahi kuubadilisha ni kwamba masta ya kukopa kwa ajili tu ya kuingia PhD, hapana. Ya kufadhiliwa, tuongee.

Sasa malalamiko yangu binafsi. Baada ya masta nikapata PhD kwenye mfumo ule wa kozi kwanza. Nikajua mimi na masta yangu nitasamehewa mwaka mzima, si nimeshasoma hivi vitu. Nikapeleka vyeti ofisini, yule wa usajili akazungusha macho kwenye orodha yangu, wakanikubalia kozi mbili. Mbili kati ya kumi na moja. Nimekaa muhula mzima nasoma takwimu kutoka kitabu kilekile, toleo lilelile, nilikuwa nacho kwenye shelfu kina maandishi yangu ya kalamu pembeni, na aliyekaa kulia kwangu ametoka digrii ya kwanza miezi mitatu iliyopita na tulikuwa tunapewa posho sawasawa na tulimaliza mwaka uleule. Nisiwe mwongo, kwenye utafiti nilikuwa mbele yake mwanzoni. Kufika mwaka wa tatu alikuwa amenifikia. Kwa hiyo kama unaenda masta ukitegemea itafupisha PhD, andika barua pepe sasa hivi uulize wanahamisha kozi ngapi, na jibu ulipate kwa maandishi, usiniletee "nimesikia".

Na wale wa kunyoosha moja kwa moja nao wasijione wameshinda. PhD ni ndoa na mtu mmoja anaitwa msimamizi, na mtu wa miaka 22 anachagua mada ya miaka mitano kwa kusoma tovuti ya idara. Nina rafiki yangu aliingia hivyo, kichwa kizuri kuliko changu mara tatu, mwaka wa pili kagundua kinachompendeza ni kufundisha, maabara anaichukia, mpaka harufu ya maabara anaichukia. Alitoka na masta ya njiani na leo ana maisha yake mazuri tu. Kutoka hivyo siyo kudisko, watu waache hayo maneno. Ila kuna ujanja umeenea, mtu anaomba PhD akiwa ameshapanga moyoni kwamba atachukua posho, atachukua masta ya bure, halafu aage. Mimi siupendi huo ujanja. Hiyo nafasi kuna mtu aliikosa, na msimamizi aliyekutetea kwenye kamati mwanafunzi wa nchi yako anayefuata atamwangalia mara mbili.

Kuna mtu ameandika swali kwenye karatasi, ana miaka 34, amefanya kazi miaka tisa kwenye taasisi ya utafiti, eti amechelewa, arudi masta? Ndugu yangu rudi kwenye lile swali, unakosa nini? Data umezikusanya, ripoti umeandika, mabosi wako wanaweza kuandika barua ya kurasa mbili. Kwenye mfumo ambao masta si sharti la kisheria, kazi yako ndo masta yako, ila iandike hivyo kwenye maombi, usiandike cheo ulichokuwa nacho, andika swali mlilokuwa mnalitafutia jibu na wewe ulifanya nini. Kwenye mfumo ambao ni sharti, chukua ya mwaka mmoja uendelee.

Na kwa nyie wengine ambao bado mmegawanyika katikati, msikae mnaumwa kichwa mpaka Juni. Ombeni vyote viwili msimu uleule. PhD nyingi za Marekani zinafunga maombi Desemba au hapo karibuni, kwa hiyo barua za walimu ziombwe Septemba, siyo wiki ya mwisho mnawafuata walimu koridoni na shikamoo za uongo. Omba PhD nne na masta tatu zenye ufadhili, usubiri. Ukikubaliwa PhD yenye hela na msimamizi unayemwelewa, swali la masta limejifuta lenyewe. Ukikataliwa zote nne, usilie tu, andikia moja au mbili kwa adabu uulize kilichopungua, wengi hawatajibu, mmoja akijibu amekupa lile jina la kitu unachokosa na sasa unajua masta yako inaenda kufanya kazi gani.

Na kabla ya kukubali popote tafuta wanafunzi wa huyo msimamizi, usimuulize yeye, waulize wao. Walioanza na nyie wako wangapi, wamebaki wangapi, anasoma sura mnazomtumia baada ya muda gani. Mwanafunzi akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, hilo ni jibu.

Swali la mwisho limetoka kule nyuma, kijana anauliza kama ningerudi nyuma ningefanyaje. Ningeenda masta tena, palepale, kwa yule mama, na safari hii ningefungua ukurasa wa pili wa maelezo ya data. PhD ningeomba kwenye mfumo wa miaka mitatu ambapo ile masta ingehesabika, siyo kule nilikoenda kusoma kitabu kilekile.

Haya, maiki yao wanaitaka. Wewe dada wa mlangoni usiondoke, lete simu nione hiyo barua pepe unayotaka kumtumia profesa, maana umeniambia ina kurasa tatu.